Victor Hess: Mwanasayansi Aliyepanda Puto Kupima Mionzi ya Angani

Asubuhi ya tarehe 7 Agosti, 1912, puto lililojazwa gesi ya haidrojeni lilipaa kutoka mji wa Aussig, katika Milki ya Austria na Hungaria. Ndani ya kikapu chake walikuwamo watu watatu, mmoja wao akiwa Victor Franz Hess, mwanafizikia mwenye umri wa miaka 29. Alichukua vipimo vitatu vya mionzi ili atafute jibu la swali moja: mionzi iliyomo hewani inatoka wapi?

Hess alizaliwa tarehe 24 Juni, 1883, katika jimbo la Styria nchini Austria, ambako baba yake alikuwa msimamizi wa misitu. Alisoma katika Chuo Kikuu cha Graz, na mwaka 1910 akajiunga na Taasisi ya Utafiti wa Radiamu mjini Vienna.

Wakati huo wataalamu wengi waliamini kuwa mionzi yote ya hewani hutoka kwenye miamba na udongo. Kama ingekuwa hivyo, ilipasa ipungue kadiri mtu anavyopanda juu. Hata hivyo, vipimo vilivyochukuliwa mwaka 1910 juu ya Mnara wa Eiffel, Paris, vilionyesha kuwa upungufu huo ulikuwa mdogo kuliko ilivyotarajiwa.

Hess hakutaka kubahatisha. Kwanza alitumia radiamu kupima umbali ambao mionzi hiyo husafiri hewani, akabaini kuwa ile itokayo ardhini ingekwisha kabisa katika kimo cha takriban mita 500. Kisha, kati ya mwaka 1911 na 1913, alipaa mara kumi ili apime mwenyewe, ingawa haidrojeni huwaka kwa urahisi na hewa ya juu ni hafifu.

Siku hiyo ya Agosti puto lilifika mita 5,350. Mionzi ilipungua kidogo mwanzoni, kisha ikaongezeka hadi kuzidi maradufu ya ile ya ardhini. Safari za usiku, pamoja na ile ya tarehe 17 Aprili, 1912, wakati wa kupatwa kwa jua, zilionyesha kuwa chanzo chake hakikuwa jua. Hess alihitimisha kuwa mionzi hiyo hutoka nje ya dunia. Wapo waliotilia shaka matokeo yake, lakini vipimo vya wengine viliyathibitisha, na mwaka 1936 akatunukiwa Tuzo ya Nobel ya Fizikia pamoja na Carl Anderson wa Marekani.

Kazi hiyo ilimgharimu. Mwaka 1934 alikatwa kidole gumba kutokana na majeraha ya radiamu. Mwaka 1938, Wanazi walipoitwaa Austria, alifukuzwa kazi. Mkewe alikuwa na asili ya Kiyahudi. Wakahamia Marekani, ambako alifundisha katika Chuo Kikuu cha Fordham, New York.

Mwaka 1946, baada ya bomu la Hiroshima, Hess na mwenzake walipima katika jengo la Empire State kama vumbi lenye mionzi lilikuwa limefika katika anga ya Marekani. Baadaye alipinga majaribio ya silaha za nyuklia, kwa hoja kwamba athari zake kwa mwili wa binadamu hazikuwa zimefahamika vya kutosha. Alifariki dunia tarehe 17 Desemba, 1964, mwaka mmoja baada ya kutiwa saini mkataba wa kupiga marufuku majaribio hayo angani.

Mchango wake ungali hai. Hewa, mvua na maji ya kunywa huwa na kiasi fulani cha mionzi ya asili, na kiasi hicho hutofautiana kulingana na miamba, kimo na hali ya hewa. Taasisi zenye dhamana ya upimaji, ikiwemo Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania, haziwezi kutambua uchafuzi wa mionzi bila kwanza kukijua kiwango hicho cha kawaida. Hess alipanda angani kukitafuta.