Mtakatifu Beda na Usiku wa Akina Mama

Kila Noeli inapokaribia hakosekani mtu wa kusema kwamba sikukuu yetu tumeiiba kwa wapagani. Basi yafaa tumjue Beda, padre na mwalimu, kwani kwa upande wa Waingereza habari hizo zimetoka katika kalamu yake.

Alizaliwa yapata mwaka 673, kaskazini ya Uingereza. Alipokuwa na umri wa miaka 7 jamaa zake walimkabidhi kwa Abati Benedict Biscop, na karibu maisha yake yote aliishi katika monasteri ya Jarrow, akisali, akisoma na kufundisha. Huko mwezi wa Desemba jua huzama kabla ya saa kumi alasiri. Si ajabu wazee wa nchi ile walilingoja jua ligeuke kama sisi tungojavyo mvua.

Mwaka 725 Beda aliandika kitabu cha kuhesabu nyakati. Humo alieleza kwamba Waingereza, kabla hawajabatizwa, walianza mwaka tarehe 25 Desemba, na usiku ule waliuita Modranicht, yaani Usiku wa Akina Mama. Alidhani jina hilo lilitokana na ibada walizofanya usiku kucha. Ibada zenyewe hakuzieleza. Aliyaona mambo hayo kuwa ubatili, akamshukuru Kristo kwa kuwaokoa watu wake, lakini aliyaandika. Hapo ndipo nimpendapo. Wangapi kwetu wameona haya hata kutaja matambiko ya babu zao, mpaka yakasahauliwa?

Je, tuliiba? Tuhesabu miaka. Kanisa la Roma liliadhimisha Kuzaliwa kwa Bwana tarehe 25 Desemba tangu karne ya nne, naye Augustino alifika Kent mwaka 597. Noeli iliingia Uingereza ikiwa na tarehe yake tayari. Kuhusu Roma yenyewe na sikukuu ya jua ya huko, wataalamu wangali wanabishana.

Katika historia aliyoimaliza mwaka 731, Beda alihifadhi pia barua ya Papa Gregori ya mwaka 601: sanamu ziharibiwe, mahekalu yasibomolewe, na ng'ombe waliochinjiwa mashetani sasa wachinjwe na kuliwa kwa kumshukuru Mungu.

Alifariki mwaka 735, jioni ya kuamkia Sikukuu ya Kupaa, akiwa anaitafsiri Injili ya Yohana kwa Kiingereza. Mali yake ilikuwa pilipili manga, vitambaa na ubani kidogo. Aliwagawia mapadre wenzake.