Adam Clayton Powell: Mbunge aliyefukuzwa Bungeni, mtaa ukamrudisha

Kama uliwahi kufeli chuo ukaambiwa umekwisha, huyu jamaa anakuhusu.

Adam Clayton Powell Jr. alizaliwa 1908 huko Marekani, akalelewa New York. Chuo cha kwanza, City College, kilimshinda kabisa. Akaenda Colgate, akamaliza 1930.

Mwaka wa 1937 alirithi mimbari ya babake katika kanisa la Abyssinian Baptist, mtaani Harlem. Lakini hakuishia kuhubiri. Maduka ya pale yalipenda pesa za Weusi lakini kazi hayawapi. Powell na wenzake wakayasusia, wakasimama milangoni na mabango mpaka yakaanza kuwaajiri. 1941 wakasusia mabasi, kampuni zikakubali kuajiri madereva Weusi.

Januari 1945 akaingia Kongresi. Mkahawa wa Bunge ulikuwa wa Wazungu tu, yeye akaingia na wafanyakazi wake wakaagiza chakula. Kwenye miswada ya fedha alisukuma kifungu kimoja: taasisi inayobagua isipewe hela za serikali. Hata marafiki walichoka naye. Lakini 1964 wazo hilo likaingia katika Sheria ya Haki za Kiraia. Tangu 1961 aliongoza kamati ya elimu na leba, na miswada ya shule na mishahara ya chini ikapitia mikononi mwake.

Sasa usidhani alikuwa malaika. Alidaiwa kula raha safarini kwa pesa za kamati, na mkewe alilipwa mshahara bila kazi ya maana. Machi 1967, wabunge wenzake wakamnyima kiti kwa kura 307 dhidi ya 116. Mwezi uliofuata kukawa na uchaguzi mdogo, na Harlem wakamchagua tena! 1969 Mahakama ya Juu ikaamua kwamba Bunge haliwezi kumkataa mtu aliyechaguliwa ikiwa anatimiza masharti ya katiba.

Alishinda kesi, ila akazoea kukaa kisiwani Bimini kuliko kazini. Mchujo wa 1970, Charles Rangel akambwaga kwa kura 150 hivi. Powell akafariki Aprili 1972.

Ona hapo: wabunge 307 hawakuweza kumtoa. Waliomtoa ni majirani zake wa Harlem, kwa kura chache tu. Kwa hivyo ukisema kura yako moja haina maana, mkumbuke Powell.