Daktari Finsen na Nuru Yake



Paka wa Mji Mkongwe tunawajua. Asubuhi huota jua juu ya mapaa, na kivuli kikiwafikia husogea. Daktari mmoja wa Copenhagen alimwona paka akifanya vivyo hivyo, akajiuliza jua lina faida gani mwilini. Jina lake Niels Ryberg Finsen.

Alizaliwa tarehe 15 Desemba 1860 katika visiwa vya Faroe, ambako watu huishi kwa bahari kama sisi wa Unguja, ila jua kwao ni haba. Alihitimu udaktari mwaka 1890, akamwoa Ingeborg, binti wa askofu. Tangu ujanani alikuwa mgonjwa. Ini na moyo vilimsumbua, na tumbo likijaa maji.

Siku hizo kifua kikuu cha ngozi, kiitwacho lupasi, kilikuwa kikila nyuso za watu, pua na mashavu. Wagonjwa walijificha, maana walikimbiwa. Mwaka 1895 Finsen alianza kumtibu mmoja wao kwa mwanga wa taa kali ya umeme, naye akapata nafuu kubwa. Mwaka uliofuata Taasisi ya Finsen ilifunguliwa. Kioo cha kawaida huzuia sehemu ya mionzi ya urujuanimno, isiyoonekana kwa macho. Basi alitumia lenzi za jiwe angavu, na maji ya kupoza joto ili ngozi isiungue. Tiba ilichukua miezi mingi.

Mwaka 1903 alipewa Tuzo ya Nobel, naye akiwa katika kiti cha magurudumu. Sehemu ya fedha aliitoa kwa ajili ya wagonjwa. Alifariki tarehe 24 Septemba 1904, umri miaka 43.

Leo lupasi hutibiwa kwa vidonge, lakini mionzi ile ingali inatumika kwa soriasisi na mbalanga, kwa kipimo cha daktari. Basi tusiwaambie wagonjwa wakajianike juani. Jua kali huunguza, na ndugu zetu wenye ualbino huwaletea saratani ya ngozi. Tuwapeleke hospitali mapema.

Tena tujiulize. Wako wanaokaa benchi la nyuma kanisani, wamejitanda kanga hadi usoni, wakiogopa macho yetu. Soriasisi na mbalanga haziambukizi. Finsen hakuwa na afya, wala hakuwaepuka waliokimbiwa. Sisi tulio wazima tuna udhuru gani? Jumapili ijayo tukakae nao.