Karani Shaaban Robert na bei ya saa zake

Kwa msomaji wa Pwani jina la Shaaban Robert halihitaji kutambulishwa. Kutoka Lamu mpaka Vanga, na kuvuka mpaka hadi Tanga na Pangani, wapo watu wazima waliojifunza tungo zake skulini na ambao hata leo wakisikia ubeti wa kwanza humalizia wa pili. Lakini wanaomjua kwa mashairi ni wengi kuliko wanaojua alikula nini. Kwa muda wa miaka 34, tangu 1926 hadi 1960, marehemu huyu alikuwa karani wa serikali. Alikwenda kazini asubuhi kama makarani wengine, akakaa mezani, akaandika yale aliyoamriwa kuandika, na mwisho wa mwezi akapokea mshahara wa karani Mwafrika.

Ni vyema tuyatazame maisha yake kwa upande huo, kwa sababu swali lililomkabili yeye ndilo linalowakabili vijana wetu wengi. Kazi ya kijungu jiko, ile ambayo mshahara wake huisha kabla ya mwezi, je, inastahili saa za mtu? Wazee walisema kazi mbi si mchezo mwema, na hakuna aliyewapinga. Ila hawakutuambia mtu akiishika kazi hiyo maisha yake yote abakiwe na nini.

KIJANA WA VIBAMBANI

Shaaban alizaliwa tarehe 1 Januari 1909 katika kijiji cha Vibambani, kusini ya mji wa Tanga. Tanganyika wakati huo ilikuwa chini ya Wadachi. Wako wanaolishangaa jina la Robert kwa mtu aliyeishi na kufa Mwislamu. Hilo lilikuwa jina la baba yake, na mwana alilichukua kama mila inavyotaka mwana alichukue jina la baba. Asili ya wazee wake ni Wayao, lakini yeye alijihesabu Mswahili na lugha aliyoitumikia ilikuwa hiyo moja.

Mwaka 1922, Waingereza wakiwa wamekwisha kuitwaa nchi, alipelekwa Dar es Salaam kusoma katika skuli ya serikali. Alikaa huko hadi 1926. Katika kundi la wanafunzi 11 waliopata hati ya kumaliza masomo, yeye alikuwa wa pili. Kwa zama zile hiyo haikuwa jambo dogo. Kijana mweusi aliyejua kusoma, kuandika na kupiga hesabu alitafutwa na serikali kama dhahabu, ingawa hakulipwa kama dhahabu. Mwaka ule ule akaajiriwa katika Idara ya Forodha.

FORODHANI

Kazi ya karani wa forodha twaijua sisi watu wa bandari. Chombo kinapotia nanga, karani huhesabu mizigo, huipima, huiandika daftarini, hukadiria ushuru na kutoa stakabadhi. Akikosea tarakimu moja, kosa ni lake. Asipokosea siku nzima, hapana anayemshukuru. Shaaban aliifanya kazi hii kwa miaka 18, hadi 1944, katika vituo vya mwambao. Pangani ndiyo inayotajwa zaidi. Mji huo uliwahi kuwa mlango mkubwa wa misafara ya pembe za ndovu, lakini alipofika yeye biashara kubwa ilikuwa imekwisha kuhamia Tanga, penye bandari ya kisasa na reli.

Hapana budi tueleze namna mishahara ilivyopangwa siku zile, maana bila ya hilo hatutaelewa. Serikali ya kikoloni ilikuwa na ngazi tatu: ya Wazungu juu, ya Wahindi katikati, na ya Waafrika chini. Mtu hakupanda kutoka ngazi moja kwenda nyingine kwa bidii wala kwa akili, kwa sababu ngazi ilifuata rangi ya ngozi. Hata baada ya Vita Kuu ya pili, mwaka 1948, tume ya mishahara iliyoongozwa na Holmes ilipendekeza kwamba Mwafrika mwenye elimu na kazi sawa na Mzungu apewe sehemu tatu katika tano za mshahara wa Mzungu. Ilikuwa mwaka 1954 ndipo tume nyingine, ya Lidbury, ilipopendekeza ngazi za rangi ziondolewe. Kufikia hapo Shaaban alikuwa na miaka 28 kazini.

Makarani wenyewe hawakuwa wamelala. Katika mji wa Tanga, mwaka 1922, Martin Kayamba na wenzake walianzisha chama cha watumishi Waafrika wa serikali, kilichowakusanya Waislamu na Wakristo chini ya dari moja. Wachukuzi wa bandari nao walipaza sauti kwa njia yao: mwaka 1939 waligoma Mombasa, wakagoma Dar es Salaam na Tanga.

Tena tusisahau kwamba karani, pamoja na unyonge wake, alionekana mwenye bahati. Mkoa wa Tanga ulikuwa nchi ya mkonge. Maelfu ya watu waliletwa kutoka bara kukata majani yale ya miiba, wakaitwa manamba kwa kuwa walijulikana kwa namba kuliko kwa majina. Kila mmoja alipewa kipande, yaani kadi yenye nafasi za siku 30. Akimaliza kazi aliyopimiwa, siku yake hutiwa alama. Asipoimaliza, ile siku haikuhesabiwa, ingawa jua lilimchoma lile lile. Mshahara ulitoka kadi ilipojaa. Mtu alipojaza siku 30 huenda alikuwa amekwisha kutoa siku 40 za umri wake. Mafundisho ya dini yetu yanamtaka mwajiri amlipe mtu ujira wake kabla jasho lake halijakauka. Katika mashamba yale jasho lilikauka mara nyingi.

Basi Shaaban alikaa baina ya hali hizo mbili, juu ya manamba na chini ya kila bwana aliyeingia ofisini.

SAA ZILIZOBAKI

Mchana aliuuza kwa serikali. Usiku na siku za mapumziko hakuviuza, na humo ndimo tunamokutana na Shaaban tunayemjua. Wakati wa vita vya 1939 hadi 1945 alitunga Utenzi wa Vita vya Uhuru, wenye beti zipatazo 3,000. Msomaji na apige hesabu mwenyewe: utenzi wa kiasi hicho, uliotungwa na mtu mwenye kazi ya kutwa, mwenye mke na watoto. Nao haukuchapishwa ila mwaka 1967, mtungaji akiwa kaburini.

Katika miaka ya forodhani pia alifiwa na mkewe wa kwanza, Amina, akabaki na watoto wadogo. Maombolezo aliyoyaandika na kuyaita kwa jina la mkewe yanahesabiwa miongoni mwa mashairi bora ya Kiswahili. Binti yake Mwanjaa alimwandikia Utenzi wa Hati, na mwanawe wa kiume akamwandikia Utenzi wa Adili. Baba asiyekuwa na mali ya kurithisha alirithisha maneno. Tusidhani kwamba aliyafanya hayo kwa kuwa fedha hazikumshughulisha. Barua alizomwandikia ndugu yake, Yusuf Ulenge, kati ya 1931 na 1958, zilichapwa kitabu mwaka 2002, na ndani yake mambo ya jamaa, ya fedha na ya vitabu yamekaa pamoja, kama yanavyokaa pamoja katika nyumba ya mtu yeyote anayeishi kwa mshahara.

Mwaka 1944 aliiacha forodha akaingia idara ya wanyama, ikampeleka Mpwapwa, mbali na bahari aliyoizoea. Mtumishi wa serikali hakuulizwa apendapo. Karatasi ya uhamisho ikija, mtu hufunga mizigo. Miaka miwili baadaye alirudi Tanga, akafanya kazi katika ofisi ya wilaya hadi 1952, kisha katika ofisi ya upimaji wa ardhi hadi alipostaafu mwaka 1960.

Miaka ile ya ofisi ya wilaya ina jambo la kuzingatiwa. Mwaka 1951 kilitoka kitabu chake cha Kusadikika, hadithi ya nchi inayoelea angani, ambamo kijana Karama anashitakiwa kwa kutaka kuleta elimu ya sheria, naye anajitetea mbele ya wakubwa kwa kuwasimulia habari za wajumbe waliotumwa kutafuta mema, wakarudi wakaadhibiwa. Kila aliyekisoma alijua nchi ipi iliyokusudiwa. Aliyekiandika alikuwa karani mwenye meza katika ofisi ya mkuu wa wilaya wa Kiingereza. Mshahara wa bwana ulinunua mkono wake wa mchana, wala haukununua fikira zake.

UTUBORA ALIYEACHA KAZI

Katika vitabu vyake vyote, kinacholigusa swali letu hasa ni Utubora Mkulima, kilichochapwa mwaka 1968. Utubora ana kazi ya ofisini kwa tajiri Ahmad, kazi safi yenye mshahara mzuri. Siku moja anaamua kuiacha. Tajiri wake anamsihi na kumwongezea ahadi, lakini Utubora hatetereki. Anakwenda shamba, Busutamu, kulima kwa mikono yake.

Wako waliokisoma kitabu hicho wakakiona ni mawaidha tu ya kusifu kilimo. Kikisomwa karibu na maisha ya aliyekiandika kinakuwa kitu kingine. Mwandishi alikaa mezani miaka 34, naye akamtunga mtu anayesimama na kuondoka. Utubora alipewa uhuru ambao karani mwenye watoto wa kusomesha hakuwa nao. Tena angalia kwamba Utubora haondoki kwa sababu ya mshahara mdogo, maana wake ulikuwa mkubwa. Anaondoka kwa kuwa saa zake ni kitu asichotaka tena kukiuza, hata kwa bei ya juu. Hapo Shaaban alilipanua swali: si kazi ya malipo duni peke yake inayopasa kupimwa, bali kila kazi ipimwe kwa kile inachomwachia mtu jioni anaporudi nyumbani.

Aliandika pia wasifu wa Siti binti Saad wa Unguja, aliyefariki mwaka 1950. Bibi huyo alitoka Fumba, katika nyumba ya wafinyanzi, akatembeza vyungu mjini kabla sauti yake haijamfikisha Bombay mwaka 1928 kutiwa katika sahani za santuri. Si ajabu kwamba karani wa malipo madogo alivutwa na maisha ya mchuuzi wa vyungu.

ALICHOLIPWA

Heshima hazikukosa kumfikia. Alipewa nishani ya MBE ya Uingereza na Tuzo ya Margaret Wrong ya uandishi, akaketi katika Kamati ya Kiswahili ya Afrika Mashariki na katika baraza la mji wa Tanga. Lakini nishani haipikwi. Wachapaji walikuwa wachache, wengine mbali kama Johannesburg, na katika miaka yake ya mwisho alijaribu kuchapisha vitabu vyake mwenyewe pale pale Tanga, ili jasho la kalamu limrudie aliyelitoa.

Alistaafu mwaka 1960. Tarehe 9 Desemba 1961 aliiona Tanganyika ikipata uhuru wake. Juni 1962 akafariki, umri wake miaka 53. Yule aliyewapa waajiri mchana wa miaka 34 alipata miaka miwili tu ambayo asubuhi zake zilikuwa mali yake. Baadhi ya vitabu vyake vinavyopendwa sana, kama Kufikirika na huyo Utubora, vilitoka baada ya kifo chake.

Je, kazi ile ilistahili? Ipo hatari ya kujibu upesi kwamba ilistahili, kwa kuwa tuna vitabu zaidi ya 20 mikononi mwetu. Jibu hilo laweza kumfurahisha mwajiri mbaya, akasema umaskini hukuza vipaji. Umaskini haukumkuza Shaaban. Makarani walikuwa wengi katika bandari za mwambao, na wengine bila shaka walikuwa na vipawa, lakini uchovu wa mchana ukavila vipawa vyao na majina yao hatuyajui. Aliyeokoka asifanywe ushahidi kwamba maji hayakuwa na kina.

Kwa upande wa pili, si haki kumdharau kwa kutoiacha kazi. Mshahara ule, pamoja na udogo wake, ulikuwa wa halali na ulilisha watoto. Hakuuonea haya, wala hakuudanganyikia akadhani kuwa ndio maisha yake yote.

Leo kijana anayepewa kibarua cha kutwa bandarini au hotelini, au anayetafakari safari ya Ghuba kwenda kutumika katika nyumba za watu, huuliza kwanza kiasi gani kwa mwezi. Ni swali la lazima, na asione haya kuliuliza, wala kudai zaidi pamoja na wenzake kama walivyodai wachukuzi wa 1939. Ila asisahau kuuliza la pili: nitabakiwa na saa ngapi, nikiwa na nguvu gani, za kujisomea, za kulea wanangu, za kufanya lile nililojaliwa? Kazi ikizimeza zote, basi imechukua zaidi ya ilicholipa, hata mshahara wake uwe mnono. Na ikiwa hana pa kukimbilia, na ashike kidogo kinachobaki kwa mikono miwili, kama alivyokishika karani wa Pangani.

Mwenyezi Mungu amrehemu, na awarehemu wale makarani na manamba ambao kadi zao zilijaa na hawakuacha kitabu.