Kipchomber arap Koilegen na lawama ya ukame

Ukitaja Kericho na Bomet, wengi wetu hapa Pwani tunafikiria chai. Kabla ya chai nchi ile ilikuwa ya ng'ombe, na mmoja wa wakubwa wake alikuwa Kipchomber arap Koilegen.

Babake, Kimnyole arap Turukat, alikuwa orkoiyot wa Wanandi, yaani kiongozi na mtabiri. Anakumbukwa kwa kutabiri nyoka wa chuma atakayetokea upande wa bahari. Reli ilipoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896, mwenyewe alikuwa ameshakufa. Mwaka 1890, ukame, njaa na maradhi ya mifugo vilipowabana, watu wake walimtwisha lawama wakampiga marungu hadi akafa.

Wanandi wakagawanyika baina ya wanawe wawili. Koitalel alibaki Nandi hadi Waingereza walipomuua mwaka 1905. Kipchomber alikimbilia kwa Wakipsigis, akawa orkoiyot wao wa kwanza. Walimsikiliza sana, na serikali ya kikoloni ikamwogopa. Mwaka 1914 ilimhamishia Fort Hall, ndiyo Murang'a ya leo, akafia uhamishoni. Mwaka 1934 ukoo wake wa Talai nao ukapelekwa Gwassi, kando ya Ziwa Victoria. Wakati huo makampuni ya chai yalikuwa yameshajikita Kericho.

Msiba wa nyumba ile ulianza na chakula. Mvua huotesha nyasi, nyasi hulisha ng'ombe, ng'ombe humlisha mtu. Sisi wa bahari tuna mfano wake. Wakati wa kaskazi, mikondo miwili hukutana kaskazini ya Malindi na maji ya chini yenye rutuba huinuka. Vijimea vidogo vya baharini hustawi, dagaa hula, jodari na nguru huwafuata. Upepo na joto la maji vikibadilika, mvuvi hurudi na nyavu tupu.

Leo yajulikana kuwa Bahari ya Hindi ikipoa kupita kawaida upande wetu, mara nyingi vuli hupungua Afrika Mashariki. Hakuna mtabiri anayeweza kuizuia mvua.

Jambo hili linatuhusu. Hapa kwetu Kilifi wazee wameuawa kwa tuhuma za uchawi, hali ukame na njaa vina sababu zake. Kumuua Kimnyole hakukuleta mvua, na mtoto wake akaishia kuzikwa ugenini. Mvua ikikosa au samaki wakiadimika, tuwaache wazee wetu wakae kwa amani.