DUKE SLATER: MCHEZAJI ALIYECHAGUA VIATU

Ndugu msomaji, huenda jina hili hujawahi kulisikia. Usijali, hata mimi sikulijua hadi juzijuzi. Wengi wetu tukitajiwa michezo ya Marekani tunawazia mpira wa vikapu tu. Kumbe kuna mchezo mwingine unaofanana na raga, ambao wachezaji hukumbana kama mafahali. Humo mna watu wa mstari wa mbele. Kazi yao si kufunga, bali kuwasukuma wapinzani kando ili mwenye mpira apate njia. Akifika, yeye ndiye hupigiwa makofi. Wale wa mbele hubaki wakijipangusa matope.

Slater alikuwa mmoja wao. Alizaliwa mwaka wa 1898 mjini Normal, jimbo la Illinois, akapewa jina Frederick. Duke lilikuwa jina la mbwa wao, likamganda yeye! Babake alikuwa mhubiri, Mmarekani Mweusi, na baadaye familia ilihamia Clinton, jimbo la Iowa. Mzee hakutaka kabisa mwanawe acheze mchezo wa kuvunjana mifupa. Inasimuliwa kwamba kijana aligoma kula mpaka mzee akasalimu amri.

Basi ikazuka shida nyingine. Wachezaji walitakiwa kujinunulia viatu na kofia ya kukinga kichwa, na mfuko wa mhubiri ulitosha kimoja tu. Hebu fikiria, wewe ungechagua nini? Slater alichagua viatu, maana miguu yake ilikuwa mikubwa ajabu. Kichwa akakiacha wazi. Sisi wa shule ya kutwa tunazijua hesabu za namna hiyo: ni nauli au ni kitabu.

Alipoingia Chuo Kikuu cha Iowa bado alicheza kichwa wazi. Mwaka wa 1921 Iowa iliwakabili Notre Dame, ambao walikuwa wamecheza mechi 20 bila kushindwa. Iowa ilishinda 10 kwa 7, na mwaka huo haikufungwa na yeyote.

Mwaka wa 1922 alijiunga na ligi ya kulipwa, akiwa Mweusi wa kwanza kucheza mstari wa mbele katika ligi hiyo. Alichezea Rock Island, kisha Chicago Cardinals hadi 1931. Haikuwa rahisi jamani. Mwaka wa 1924 aliachwa nje ya mechi moja huko Kansas City kwa sababu ya rangi yake tu, si kwa kuumia wala kwa kukosa nidhamu. Mwaka wa 1927 alibaki Mweusi pekee katika ligi nzima. Wengine wote walikuwa wamefungiwa mlango.

Mwaka wa 1929 mwenzake, Ernie Nevers, alifunga alama zote 40 za Cardinals dhidi ya Chicago Bears. Rekodi hiyo imetajwa miaka na mikaka. Lakini njia alizopita Nevers zilifunguliwa na nani? Slater alikuwa pale mbele, akisukuma.

Baada yake mambo yaliharibika zaidi. Tangu 1934 hadi 1945 ligi hiyo haikuwa na mchezaji Mweusi hata mmoja.

Slater hakungoja hisani ya mtu. Msimu ukiisha alikuwa akirudi Iowa kusoma sheria, na 1928 akahitimu. Alikuwa wakili mjini Chicago, na mwaka wa 1948 wapiga kura wakamchagua kuwa hakimu. Nafikiri hapo ndipo alipowashinda kabisa wale wa Kansas City.

Aliaga dunia mwaka wa 1966. Jumba la mashujaa wa mchezo huo wa kulipwa lilimteua 2020, miaka 54 akiwa kaburini! Mwaka wa 2021 Iowa waliupa uwanja wao wa kuchezea jina lake. Hapo pana mchongo wa shaba unaoonyesha mechi ile ya Notre Dame, naye Slater yumo, hana kofia.