Enver Pasha Ugenini

Enver Pasha, ambaye Waarabu humwita Anwar, alizaliwa Istanbul mwaka 1881. Sisi Waislamu tumezoea kumtaja kwa vita alivyopigana na Wataliana huko Libya mwaka 1911, na kwa kuurudisha mji wa Edirne mwaka 1913. Hayo ni kweli. Lakini tarehe ya mtu husomwa yote, haisomwi nusu.

Mwaka 1914, naye ni Waziri wa Vita, aliitia dola ya Uthmaniya vitani upande wa Wajerumani. Mwaka haujapita, maelfu kwa maelfu ya askari wake walikuwa wamekwisha kufa kwa baridi katika milima ya Sarıkamış. Yeye na wenzake, Talat na Cemal, ndio waliokuwa na amri raia Waarmeni walipohamishwa na kuuawa mwaka 1915. Na dhulma hiyo haifichiki ati kwa kuwa aliyeitenda ni mwenye kuswali.

Vita viliposhindwa, Novemba 1918, alitoroka kwa chombo cha Kijerumani, akaishia Berlin. Mwaka 1919 alihukumiwa kifo Istanbul, ilhali mwenyewe hayupo. Huko nyuma Mustafa Kemal akasimamisha serikali ya mapinduzi Ankara, nayo ikawa yapigana na Wagiriki walioingia nchini. Hapo ndipo ulipokuwa mtihani wa Enver. Alikwenda Moscow mwaka 1920, baada ya safari za ndege kumharibikia zaidi ya mara moja, akawataka Mabolsheviki wampe nguvu ya kurejea Anatolia. Warusi walimkirimu, wakamhudhurisha hata katika Mkutano wa Watu wa Mashariki mjini Baku; lakini dhahabu na bunduki walimpelekea Kemal. Enver kwao alikuwa ni akiba tu.

Mwaka 1921 alikaa Batum, karibu na mpaka, akingoja. Ndugu msomaji, litazame jambo hili: Maturuki wanakufa ukingoni mwa mto Sakarya, na mwenzao yuko ng'ambo angojea kushindwa kwa serikali yao kumfungulie njia. Sina shaka alitaka nchi iokoke, ila iokoke kwa mkono wake. Septemba Kemal akashinda, na mlango ukafungwa.

Ndipo akaenda Bukhara, Warusi wakitumai kuwa atawatuliza Waislamu walioasi. Akawageuka, akajiunga na wapiganaji ambao Warusi wakiwaita Basmachi, yaani wanyang'anyi. Amir Alim Khan, aliyekuwa mkimbizi Kabul, alimuunga mkono. Lakini Ibrahim Bek, mmoja katika wakubwa wa vita, alimshuku hata akamtia kizuizini kwanza. Mwanzo wa 1922 waliuteka Dushanbe, kisha Warusi wakaleta jeshi kubwa zaidi.

Aliuawa tarehe 4 Agosti 1922, siku ya Idi ya Kuchinja, karibu na Baljuvon katika Tajikistan ya leo, na umri wake miaka 40. Mifupa yake ilirudishwa Istanbul mwaka 1996, ikazikwa kwa heshima za dola.